Nukta Chini ya Mguu wa Korongo

Sarafu ilikuwa pale pale ndani ya chumba chake, na ndiyo maana hakuna aliyetaka kusikia kwamba imeibwa.

Inspekta aliikuta imelazwa juu ya kitambaa cheusi, mgongo juu. Fedha tupu, ukubwa wa kifungo cha koti, na korongo amesimama kwa mguu mmoja. Kabati la kioo lilikuwa wazi. Wanachama kumi na saba wa Chama cha Wakusanya Sarafu walikuwa wameizunguka meza, nusu wanacheka, nusu wamenuna kwa sababu mkutano umecheleweshwa. Karibu na mlango, kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha akikalie, aliketi mzee aliyevaa koti la kazi la kijivu, kalamu ya risasi nyuma ya sikio.

Yeye ndiye aliyepiga simu polisi.

"Nani kaibiwa?" Inspekta akauliza.

"Hakuna," akajibu mwanamume mrefu mwenye tai na meno meupe yaliyopangika kama funguo za kinanda. "Unaona mwenyewe, Inspekta. Sarafu hiyo hapo."

"Chama kimeibiwa," akasema mzee wa mlangoni. "Hiyo mezani siyo yenyewe."

Koplo, mtu mnene aliyezoea kesi za pikipiki na kuku, akamtazama bosi wake kwa jicho la kuuliza tumefuata nini huku. Inspekta akavuta kiti. Alikuwa na jino bandia la muda mahali pa gego la kushoto, lilimsumbua tangu asubuhi, na mtu anayeumwa jino hana haraka ya kurudi ofisini kuandika ripoti.

Maelezo aliyoyapata yalikuwa haya.

Mzee wa koti la kijivu alikuwa fundi mizani. Kwa miaka arobaini alitengeneza mizani za maduka, za benki, za zahanati. Shule aliishia darasa la sita, yaliyobaki alijisomea. Chamani walimwita Mzee Kosa, kwa sababu ya kazi ambayo hakupewa na mtu: kukisoma kitabu cha chama, Orodha ya Sarafu, na kutafuta palipokosewa. Mwaka uliokosewa. Uzito uliokosewa. Picha ya sarafu moja iliyobandikwa kwenye maelezo ya nyingine. Akilipata kosa, alimwandikia Mhariri, yule mrefu mwenye meno. Barua zake zote zilianza kwa maneno yale yale: Ndugu Mhariri, naomba nisahihishe.

Barua arobaini na tatu kwa miaka ishirini na miwili. Majibu: hakuna hata moja.

Alipoomba uanachama, kamati ilimwambia alete cheti. Hakuwa nacho. Wakamruhusu aingie kutengeneza mizani ya chama, kwa mlango wa nyuma. Watu wa kamati walishaisahau siku hiyo. Yeye aliweza kukutajia nani alikaa wapi na nani alikuwa anatafuna biskuti wakati anamkatalia.

Na leo palikuwa na jambo kubwa. Sarafu ya korongo ndiyo fahari ya chama, na tangu ilipopokelewa, miaka thelathini na mmoja iliyopita, ilikuwa imelala kabatini kichwa juu. Mgongo wake watu waliuona kwenye Orodha tu, ukurasa wa themanini na nane. Hapo palikuwa na picha, na kwenye picha, chini ya mguu wa korongo, nukta ndogo. Mhariri aliandika kurasa kumi na moja juu ya nukta hiyo. Alisema ni alama ya siri ya mchongaji. Kwa nukta hiyo alipewa nishani. Kwa nukta hiyo alialikwa kuhutubia kumbi za mbali.

Barua ya kumi na saba ya Mzee Kosa ilisema nukta haipo.

Mwishowe Katibu wa chama, mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliyechoshwa na ugomvi huo, akapendekeza sarafu igeuzwe mbele ya wanachama kabla toleo jipya halijachapwa. Kura zikapigwa. Leo asubuhi ikageuzwa.

Nukta ilikuwepo. Watu wakapiga makofi. Mzee Kosa akaazima lenzi, akaitazama muda mrefu, kisha akaazima simu ya Katibu.

"Sasa nisikilize, Inspekta," Mhariri akasema. "Kama mzee ana wazimu, basi amenikashifu mbele ya watu. Na kama sarafu kweli imebadilishwa, aliyeibadilisha ni yeye. Alhamisi alikuwa humu akitengeneza mizani. Peke yake."

Inspekta akamgeukia Katibu. Katibu akakiri kwa shingo upande kwamba ndiyo, alitoka kwenda kuweka chai jikoni. Dakika kumi hivi. Na kabati? Lina funguo mbili, mmoja wake, mmoja wa Mhariri. Wake ulikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa juu ya kiti.

Hata waliokuwa wanacheka wakaacha.

"Mzee wangu," Inspekta akasema taratibu, "umeliona shimo ulilojichimbia? Ikiwa halisi, wewe ni mchongezi. Ikiwa bandia, wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu."

"Niliona kabla sijapiga simu, mwanangu," mzee akajibu. "Sasa ningefanyaje? Kosa ni kosa."

Inspekta akaitia sarafu kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika hati ya kuipokea, akamwambia Mzee Kosa asisafiri.

*

Majibu ya maabara yalitoka Jumanne. Yalikuwa mafupi. Sarafu halisi hugongwa kwa nyundo ya mashine. Hii ilikuwa imemiminwa. Ndani ya fedha palikuwa na vitundu vya hewa kama vya mkate. Alama za vidole: hakuna, imefutwa. Katikati ya manyoya ya korongo palikutwa chembe za plasta nyeupe isiyoungua, aina inayotumiwa na masonara.

"Bandia," Koplo akasema. "Basi mzee kashikwa pabaya, afande. Nikamlete?"

"Kwanza twende tukamwone kwake."

Mzee Kosa aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la viatu. Kila ukuta ulikuwa na mizani: za sahani mbili, za kuning'iniza, moja ya watoto wachanga yenye kitambaa cha maua. Mkewe aliwapokea kwa maji ya kunywa na ulimi mkali. Alisema kama wamekuja kumchukua mumewe, wachukue na makaratasi yake, maana hizo barua alizisoma yeye kwanza, zote, kila moja mara tatu, tangu kijana wao wa mwisho yuko tumboni.

"Miaka ishirini na miwili anaangalia korongo," akasema. "Mimi nikishona nguo mpya, haoni."

"Nilikuona, mama," mzee akasema. "Ya bluu."

"Ilikuwa ya kijani."

Koplo alicheka mpaka maji yakampalia.

Mzee akatoa daftari la kazi, jalada limeliwa na mafuta ya mashine. Siku ile sarafu ilipopokelewa chamani, miaka thelathini na mmoja iliyopita, mizani ilikwama, akaitwa yeye. Aliipima sarafu kwa mkono wake. Akaandika uzito. Halafu, kwa kuwa ilikuwa nzuri, akaifunika kwa ukurasa wa daftari na kusugua kalamu ya risasi juu yake. Korongo alitokea kwenye karatasi, manyoya yote. Chini ya mguu palikuwa patupu.

Koplo akasema kwa upole kwamba karatasi kama hiyo mtu angeweza kuisugua hata jana.

"Kweli," mzee akasema. Hakukasirika. Mtu aliyezoea kutosadikiwa huja na hoja ya pili mfukoni. Akafungua Orodha, akalaza karatasi nyembamba juu ya picha ya ukurasa wa themanini na nane, akachora pembe nne za picha na ile nukta. Kisha akaihamishia karatasi hiyo hiyo kwenye picha ya ukurasa wa tisini na moja. Sarafu nyingine kabisa, ya shaba, yenye taji. Pembe zikakaa juu ya pembe. Nukta ikakaa juu ya nukta, karibu na taji.

Ukurasa wa tisini na tano: nukta pale pale, safari hii nje ya sarafu, kwenye weupe mtupu. Ukurasa wa mia na mbili: pale pale.

"Picha hizi nne zilipigwa siku moja," mzee akasema. "Ni vumbi ndani ya kamera, mwanangu. Punje moja. Msomi akaliona kwenye korongo akaliita siri. Mbona kwenye taji hakuliita siri?"

Inspekta alihisi furaha ndogo ikimpanda, ile ya mtu aliyetafuta kitasa gizani akakigusa. Akaitoa picha ya maabara, ile kubwa, yenye nukta nene chini ya mguu wa korongo.

"Sasa niambie, mzee wangu. Vumbi la kamera limeingiaje kwenye fedha?"

Mzee Kosa akatabasamu. Mkewe naye akaketi.

*

Garini Koplo alikuwa bado anabishana. Alisema mzee anaweza kuwa mjanja kuliko wanavyodhani: kaiba, katengeneza bandia, kaiwekea nukta makusudi ili Mhariri asingiziwe.

Inspekta alikubali kwamba hoja hiyo ina mashiko. Lakini jambo moja halikumtoka. Mwizi mwenye sarafu halisi mkononi hunakili sarafu. Huyu alikuwa nayo, maana kila unyoya uko sahihi. Na bado akaongeza kitu ambacho kipo kitabuni tu. Kwa mwizi wa kuuza, nukta ni kazi bure. Nani alikuwa na haja nayo?

Koplo alipewa masonara wa mji, akazunguka siku nzima, akarudi na visigino vimechubuka na mikono mitupu. Inspekta alikwenda kwa daktari wake wa meno kurekebishiwa gego. Alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, alipoona juu ya rafu taya nyeupe ya plasta, na kando yake jino la chuma lililong'aa.

Daktari alipoutoa mkono kinywani mwake, Inspekta aliuliza meno ya chuma hutengenezwaje. Daktari akamweleza: fundi meno hutengeneza jino la nta, hulifunika kwa plasta isiyoungua, huichoma nta ikaisha, kisha humimina madini kwenye uwazi uliobaki.

Masonara, maabara walisema. Hawakusema masonara peke yao.

Saa nane mchana alikuwa sebuleni kwa Mhariri, chini ya nishani iliyowekewa fremu. Mhariri alitaka kujua lini mzee atakamatwa. Inspekta akasema upelelezi unaendelea, akashika shavu lake, akalalamika kuhusu gego. Halafu akayasifu meno ya mwenyeji wake. Ni ya kutengenezwa? Hayaonyeshi kabisa.

Mhariri akatabasamu, meno yote kwa pamoja.

"Kazi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Fundi hodari. Nikuelekeze?"

"Tafadhali," akasema Inspekta, na akaandika anuani kwa mwandiko mzuri.

*

Karakana ya shemeji ilikuwa chumba chembamba nyuma ya zahanati, na rafu zilizojaa taya za plasta zinazocheka bila sababu. Shemeji mwenyewe alikuwa kijana mpole mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Alipoonyeshwa picha ya korongo, hakukana. Alifurahi.

"Imetoka vizuri, eeh? Shemeji alisema ni ya kuwaonyesha watoto wa shule, ili halisi isiguswe."

"Hukuuliza zaidi?"

"Afande, mimi ni shemeji mtu. Mume wa dada akiomba kitu, utamhoji?"

Inspekta akamwuliza juu ya nukta. Fundi meno akasema hiyo ndiyo iliyomshangaza. Sarafu aliyoletewa haikuwa na nukta. Shemeji yake alikuja na kitabu, akamwonyesha picha, akasema hapo pamefutika kwa kutumika, rudishia. Basi akatonesha nta kwa ncha ya sindano.

"Kalibu uliyochapia sarafu halisi uliitupa?"

"Ya ndugu situpi." Akavuta droo. Ndani palikuwa na meno ya mama yake, meno ya dada yake, na kipande cha mpira mgumu wa kijani chenye umbo la duara. Inspekta akakiweka chini ya taa. Korongo alikuwa amebonyea ndani, manyoya yote. Chini ya mguu palikuwa laini kama upande wa ndani wa kijiko.

Koplo, aliyesimama nyuma yake, akavua kofia.

"Nitamwomba mzee radhi mwenyewe," akasema.

*

Mhariri aliletwa kituoni Alhamisi asubuhi. Alisomewa onyo, akaambiwa ana haki ya wakili. Akasema hahitaji. Kisha akaiona kalibu juu ya meza.

"Ulichukua lini sarafu?"

"Wiki tatu zilizopita. Jumatatu, saa ya chakula. Kwa ufunguo wangu. Kesho yake bandia ilikuwa mahali pake."

"Uliichukua uiuze?"

Hilo lilimuuma kuliko yote. "Mimi? Niuze korongo?"

"Basi nieleze."

Alisema kura ilipopita, alitaka tu kuhakikisha. Hakuwa na shaka, alitaka tu kuiona mwenyewe kabla ya watu wengine. Akafungua kabati, akaigeuza.

"Hakuna kitu," akasema. "Miaka ishirini na miwili nimeihutubia, na hakuna kitu. Nilikaa nayo mkononi mpaka watu wakaanza kurudi kutoka kula."

"Ungesahihisha kitabu."

"Kitabu kina jina langu, Inspekta. Sarafu haina jina la mtu."

"Kwa hiyo ukasahihisha sarafu."

Koplo akayaandika hayo.

"Na mzee? Ulikuwa tayari afungwe?"

"Nilidhani atanyamaza tu. Watu walipiga makofi. Mtu gani asiyenyamaza watu wakipiga makofi?"

Sarafu halisi aliisema bila kusukumwa. Mara tatu alikwenda nayo darajani aitupe mtoni, mara tatu akarudi nayo. Walipokwenda na hati ya upekuzi, waliikuta chooni kwake, ndani ya kopo la unga wa kusafishia meno bandia, imefungwa kwa hariri. Haikuwa na mkwaruzo.

Lakini kitu kilichomfanya Inspekta akae chini kilikuwa kwenye kabati la vitabu. Faili la bluu. Ndani yake barua arobaini na tatu, zimepangwa kwa tarehe, kila moja imepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Kando ya masahihisho thelathini na tisa palikuwa na alama ya ndiyo. Na Inspekta alipoyalinganisha na matoleo ya Orodha, yote thelathini na tisa yalikuwa yameingizwa, moja baada ya jingine, kimya kimya, chini ya jina la Mhariri.

"Ulizisoma," akamwambia walipoonana tena.

"Zote. Nilikuwa nazisubiri. Hakuna mwingine aliyekuwa anakisoma kitabu kile mpaka mwisho."

"Na hukumjibu."

"Ningemjibu, ningekuwa nimesema anajua kuliko mimi."

Kwa sarafu ya wiki tatu sheria ilikuwa na kifungu, na mahakama ilikisoma kwa sauti. Mhariri alikiri, akapewa kifungo cha nje na faini, akarudisha nishani kabla hajaombwa. Kwa masahihisho thelathini na tisa yaliyochukuliwa kwa miaka ishirini na miwili, hakuna kifungu. Inspekta alitafuta. Mwisho aliyaorodhesha yote kwenye ripoti yake, toleo kwa toleo, ukurasa kwa ukurasa, na nakala akaipeleka chamani kwa mkono wake.

Katibu aliisoma mbele ya mkutano. Ilichukua nusu saa, na hakuna aliyeulizia chai.

Siku ile ile kamati ilimkubali Mzee Kosa bila cheti. Mikono ilipanda yote kumi na sita, na mzee, aliyeketi safari hii mezani, aliangalia ipi ilichelewa. Aliiweka tu kichwani, pamoja na biskuti. Halafu Katibu akapendekeza jambo la pili, na mikono ikapanda haraka zaidi.

Toleo jipya lilitoka miezi minne baadaye. Korongo alikuwa ukurasa wa themanini na nane, mguu mmoja, chini yake patupu. Kamera ilisafishwa. Inspekta alitumiwa nakala, na siku ya mapumziko akapita nyuma ya duka la viatu kushukuru, gego lake limepona.

Alimkuta mzee mezani, lenzi jichoni, amekunja uso. Mkewe, amevaa nguo ya kijani, alikuwa anatikisa kichwa.

Ukurasa wa hamsini na tatu, mzee akaeleza. Uzito wa sarafu ya shaba umekosewa. Aliukosea yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mtu wa mizani.

"Pole, mzee wangu," Inspekta akasema. "Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika barua."

Na akaandika, mbele yao, kwa kalamu ya risasi: Ndugu Mhariri, naomba nisahihishe. Akaikunja, akaitia bahasha, akabandika stempu. Mkewe alimwuliza kwa nini anapoteza stempu wakati Mhariri ndiye yeye. Akasema mambo yafuate utaratibu.

Barua ilifika Jumatano. Mhariri aliisoma mara tatu, akachukua karatasi safi, na siku hiyo hiyo, kabla ya chai, akaijibu.